Majani ya Usambara, Maji ya Meru: Kinachoamua Ladha ya Chai Arusha

Miteremko ya Mlima Meru inafahamika kwa kahawa ya arabika, migomba na ng'ombe wa maziwa wanaofugwa bandani, wala haihesabiwi miongoni mwa maeneo yanayolima chai nchini. Hata hivyo, chai ndiyo inayofungua siku kwa wakazi wengi wa jiji la Arusha na wa vijiji vinavyolizunguka, kuanzia kwa mama ntilie wa Soko la Kilombero hadi katika hoteli za watalii za Usa River. Kwa kuwa majani yote hutoka mbali, mazungumzo kuhusu ubora wa chai jijini humo huishia kwenye pakiti, yaani kampuni ipi inauza majani yenye rangi kali zaidi na kwa bei gani, ilhali mambo mawili yanayoamua ladha kwa kiasi kikubwa hayamo ndani ya pakiti yoyote. Jambo la kwanza ni mwinuko wa mahali birika linapochemshwa, na la pili, ambalo lina uzito zaidi, ni maji yanayotiririka kutoka katika mlima wa volkeno. Mtu anayetaka kuonja chai nyeusi iliyotengenezwa kwa uangalifu, ile ya majani marefu yasiyosagwa, hana budi kuyaelewa yote mawili, kwa sababu majani bora yanaweza kununuliwa kwa gharama kubwa na kuharibiwa katika dakika tano za mwisho.

Mche wa chai, ambao wataalamu wa mimea huuita Camellia sinensis, uliletwa Tanganyika na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ukapandwa kwa majaribio katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Usambara Mashariki, na huko Kyimbila, Rungwe, lakini kilimo cha biashara kilishika kasi katika miaka ya 1920, nchi ikiwa tayari chini ya Waingereza. Leo chai hulimwa Rungwe, Mufindi, Njombe, Kagera na katika safu za Usambara, na kwa mkazi wa Arusha shamba la karibu zaidi ni lile la Usambara, ambako hufikwa kwa barabara inayopita Moshi na Same hadi Mombo, kisha kwa kupanda milima kuelekea Lushoto na Bumbuli. Maeneo haya hayafanani. Rungwe hupata mvua nyingi na mche huchipua karibu mwaka mzima, ilhali Mufindi na Njombe, penye mashamba mengi yaliyo juu ya mita 1,700, huwa na majira ya baridi na ukame ambapo chipukizi hukua polepole. Na kwa kawaida jani linalokua polepole katika baridi hujikusanyia harufu nyingi zaidi kuliko lile linalokimbizwa na mvua na joto.

Kuchuma vizuri maana yake ni kuchukua majani mawili machanga na chipukizi lililo katikati yake, na kuyaacha yale yaliyokomaa. Kanuni hiyo ina sababu za kikemia, kwani sehemu changa ndizo zenye polifenoli nyingi, yaani kundi la kemikali za mimea zinazoleta ukakasi mdomoni, na ndizo zenye kafeini nyingi pia. Baada ya kuchumwa, majani hutandazwa na kupulizwa hewa kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha, hadi yanywee na kulainika. Hatua hii huitwa kunyausha. Kisha husokotwa ili kuta za chembechembe zake zipasuke na utomvu uliomo ukutane na hewa, na hapo ndipo vimeng'enya, ambavyo ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, huzigeuza polifenoli za kijani kuwa misombo mipya yenye rangi. Viwandani hatua hii huitwa kuchachusha, ijapokuwa haina hamira wala bakteria. Oksijeni ya hewani ndiyo inayofanya kazi. Misombo inayozaliwa imegawanyika katika makundi mawili ambayo yafaa msomaji ayakumbuke, kwa kuwa yatarejea baadaye katika suala la maji: theaflavini, zenye rangi ya machungwa iliyochangamka, ambazo huipa chai mng'ao na ule ukali unaouamsha ulimi, na thearubijini, zenye wekundu unaoelekea kahawia, ambazo huipa chai uzito kinywani. Fundi wa kiwandani hutafuta mizani kati ya makundi haya mawili, kisha hukatiza mabadiliko kwa moto wa kukaushia, ambao huyaacha majani na unyevu wa takriban asilimia 3 tu.

Njia ya kusokota ndiyo inayozitenganisha chai mbili ambazo mnunuzi wa Arusha anaweza kukutana nazo. Katika njia ya kale, majani huviringishwa taratibu na kubaki vipande virefu vilivyojikunja, ambavyo ndani ya maji hufunguka na kuonyesha umbo la jani. Katika njia ya pili, inayofahamika kwa kifupi cha CTC na iliyobuniwa Assam, India, yapata mwaka 1930, majani hupitishwa kati ya magurudumu ya chuma yenye meno ambayo huyakata, huyachana na kuyakunja kuwa punje ndogo ngumu. Sehemu kubwa sana ya chai ya Afrika Mashariki hutengenezwa kwa CTC, kwa sababu punje hizo hutoa rangi haraka, hujaza vikombe vingi kwa kilo moja na hustahimili maziwa. Baada ya hapo huchekechwa na kupewa madaraja, na hapa lipo jambo ambalo wanunuzi wengi hawaelezwi: herufi za daraja, kama vile BP1, PF1 na D1, hueleza kwanza ukubwa wa punje, wala si ubora wa ladha. Punje kubwa kutoka katika majani yaliyochumwa ovyo inaweza kuwa dhaifu kuliko vumbi la majani machanga.

Itakuwa si haki kuisimulia CTC kana kwamba ni chai ya daraja la pili. Chai ya maziwa ya nyumbani huko Poli, Nkoaranga au Tengeru, ambayo maji, maziwa ya ng'ombe wa bandani, sukari, tangawizi na majani huchemka pamoja katika sufuria hadi povu lipande, ni mapishi kamili yenye mantiki yake, kwani kasini, ambayo ni protini kuu ya maziwa, hushikana na polifenoli na kuulainisha ukakasi ambao bila maziwa ungekuwa mkali mno. Majani marefu ya njia ya kale, yakichemshwa hivyo, hupoteza harufu yote iliyolipiwa fedha, na maziwa huifunika ile kidogo inayosalia. Hizi ni chai mbili zenye matumizi mawili, na kosa hutokea pale majani ya moja yanapopikwa kwa utaratibu wa nyingine. Linalosikitisha ni kwamba chai ya rangi, ambayo ndiyo ingemwonyesha Mtanzania jinsi majani ya nchi yake yalivyo, mara nyingi hutengenezwa kwa vumbi lililochemka muda mrefu, kisha hukaa ndani ya chupa ya chai kuanzia alfajiri hadi saa nne, sukari ikitumika kuzima uchungu.

Kabla ya kufika mezani, kuna suala la moto. Katika usawa wa bahari, kwa mfano Tanga au Dar es Salaam, maji huchemka yanapofikia nyuzi 100 za Selsiasi, lakini kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 za kupanda, kwa sababu hewa huwa nyepesi zaidi na mgandamizo wake juu ya maji hupungua. Jiji la Arusha liko katika mwinuko wa mita 1,400 hivi, kwa hiyo birika linalotokota Kaloleni au Njiro huwa na maji ya nyuzi 95, na hakuna mkaa wala gesi itakayoyapandisha zaidi ya hapo katika chombo kisichofungwa kwa mgandamizo. Wapandaji wa Mlima Meru hulishuhudia jambo hili kwa uwazi zaidi: katika kambi ya Miriakamba, iliyo juu kidogo ya mita 2,500, maji huchemka yakiwa na takriban nyuzi 92, na katika kambi ya Saddle, iliyo karibu mita 3,570, huchemka yakiwa na nyuzi 88 hivi, kiasi kwamba chai huchelewa kukolea hata majani yakiongezwa.

Nyuzi 95 zinatosha kabisa kuivisha chai nyeusi, ila hazina akiba ya kupoteza. Buli la kauri lililokuwa kabatini usiku kucha, likimiminiwa maji hayo likiwa baridi, linaweza kuyashusha hadi chini ya nyuzi 90 papo hapo, na theaflavini pamoja na sehemu kubwa ya harufu huchelewa kutoka katika majani kwa joto hilo. Ndiyo maana desturi ya kuliosha buli kwa maji ya moto kabla ya kutia majani, ambayo mtu wa pwani anaweza kuipuuza bila hasara kubwa, Arusha ni ya lazima. Inafaa maji yamiminwe juu ya majani papo hapo yanapotokota, buli lifunikwe mara moja na, ikiwezekana, livishwe kitambaa kizito. Na muda wa kusubiri uongezwe kidogo kuliko ulioandikwa kwenye pakiti, kwa kuwa maelekezo hayo huandikwa kwa kudhani maji yana nyuzi 100.

Kuhusu kipimo, upo utaratibu wa kimataifa unaoitwa ISO 3103, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1980, ambao wapimaji hutumia ili chai za mashamba mbalimbali zilinganishwe kwa haki: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, ndani ya chombo cheupe cha kauri chenye mfuniko, kwa dakika 6. Kipimo hicho hutoa chai kali, kwa maana lengo lake ni kuzianika kasoro na wala si kumburudisha mnywaji, na nyumbani gramu 2 hadi 3 kwa kikombe cha mililita 200 zinaridhisha. Kijiko hakiaminiki hapa. Majani marefu yaliyojikunja huacha nafasi nyingi kati yake, hivyo kijiko kimoja chake huwa chepesi kuliko kijiko cha CTC, na mtu anayehama kutoka pakiti moja hadi nyingine bila kubadili kipimo huishia kuilaumu chai kwa udhaifu usio wake. Kwa majani marefu, dakika 5 hadi 6 zinafaa katika mwinuko wa Arusha. Kwa punje za CTC zisizopikwa na maziwa, dakika 3 zinatosha. Muda ukiisha, chai yote huchujwa na kuhamishiwa katika chombo kingine chenye joto, kwani majani yakiachwa ndani huendelea kutoa polifenoli na harufu ikiwa tayari imekwisha, na kinachoongezeka ni ukakasi mtupu. Chujio liwe pana, kiasi cha majani kupata nafasi ya kufunguka. Vile vifuko vya chuma vya kuning'iniza huyabana majani marefu yasifunguke hata nusu.

Kuonja huanza kabla ya kunywa. Mpimaji huyatazama kwanza majani makavu, kama yanalingana ukubwa na kama yana vijiti vya kahawia ambavyo ni dalili ya uchumaji wa majani yaliyokomaa. Kisha, baada ya chai kuchujwa, huyageuza majani yaliyolowa juu ya mfuniko na kuyatazama yakiwa bado yanatoa mvuke. Hapo ndipo kazi ya kiwanda husomeka. Majani yenye rangi ya shaba mpya huonyesha kwamba uchachushaji ulikatizwa kwa wakati. Yenye mabaka ya kijani huonyesha kwamba usokotaji haukupasua chembechembe zote. Na yenye weusi uliofifia huonyesha kwamba yalikaa katika hewa kupita kiasi au yaliungua katika kukaushwa. Baada ya macho hufuata pua, ambayo huletwa karibu na majani wakati mvuke ungali mwingi. Kisha mpimaji huchota kijiko cha chai na kuivuta kwa nguvu, kwa sauti ambayo ugenini ingeonekana utovu wa adabu, ili chai itawanyike pamoja na hewa, ienee ulimini kote na mvuke wake upande puani kwa njia ya nyuma ya koo. Sababu ni kwamba ulimi peke yake hutambua utamu, uchungu, uchachu, chumvi na ladha ya nyama au supu, na mengine mengi ambayo watu huyaita ladha ya chai ni harufu.

Anachokitafuta kina majina ya kawaida. Ukakasi ni ule ukavu unaoyabana mashavu kwa ndani, na chai nzuri huwa nao, ila huja ghafla na kuondoka mapema, ukiacha mdomo ukiwa safi. Uchungu hukaa nyuma ya ulimi na hauondoki. Uzito ni hisia ya kwamba chai imejaa kinywani na si maji yaliyotiwa rangi. Mng'ao huonekana pembezoni mwa kikombe cheupe, mahali ambapo chai ni ya kina kifupi: chai hai huweka hapo duara jembamba la dhahabu, ilhali iliyofifia huwa ya kahawia moja kuanzia katikati hadi ukingoni. Mtu akizoea kulitazama duara hilo, hatahitaji tena kuambiwa na muuzaji kama chai ni nzuri.

Haya yote hufanyika chai ikiwa imepoa kidogo, karibu nyuzi 60 au chini yake, na si kwa ajili ya ladha peke yake. Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha unywaji wa vinywaji vyenye zaidi ya nyuzi 65 miongoni mwa mambo ambayo huenda yanasababisha saratani ya umio, yaani mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu wanywaji wa chai mkoani Kilimanjaro ulikuta kwamba wengi huanza kunywa chai ikiwa na joto la takriban nyuzi 70. Afrika Mashariki ina mzigo mkubwa wa saratani hiyo. Dakika chache za kusubiri zinalinda koo, na hapohapo zinaiwezesha pua kutambua harufu ambazo joto kali huzifunika.

Mtu akijifunza kutazama na kuonja namna hii, kisha akatengeneza majani yaleyale kwa maji ya kisima cha upande wa mashariki wa Meru na kwa maji ya mvua, ataona vikombe viwili ambavyo ni vigumu kuamini vimetoka katika pakiti moja. Kikombe cha maji ya mvua huwa na wekundu wa machungwa na duara la dhahabu ukingoni, na ukakasi wake ni hai. Kikombe cha maji ya kisima huwa cheusi zaidi, chenye kahawia iliyofifia, na mdomoni huwa kimelala: rangi nyingi, uzito kiasi, ukali karibu hakuna. Mnywaji asiyejua hukiona cha pili kuwa ndicho chenye nguvu.

Chanzo cha tofauti hiyo ni miamba. Meru ni volkeno ambayo miamba na majivu yake yana sodiamu kwa wingi na kalisi kidogo, na mvua inayopenya humo huyayeyusha madini taratibu na kutokea chini katika chemchemi na visima ikiwa imebeba bikaboneti ya sodiamu, ambayo ndiyo kemikali iliyomo katika magadi ya kuokea. Maji ya namna hiyo huwa ya alikali, yaani yameelekea upande ulio kinyume cha asidi, na katika alikali thearubijini hubadilika na kuwa nyeusi zaidi huku theaflavini zikiharibika upesi, hivyo chai hupata giza na kupoteza mng'ao kwa wakati mmoja. Uthibitisho wake ni rahisi na unaweza kufanywa mezani: matone machache ya ndimu yakitiwa katika kikombe cheusi, asidi yake huirudisha rangi ya wekundu hafifu papo hapo, ingawa theaflavini zilizokwisha kupotea hazirudi. Hali huwa mbaya zaidi maji yakiachwa yakitokota muda mrefu, kama ilivyo katika vibanda vingi ambavyo birika halishuki jikoni asubuhi nzima, kwa kuwa kuchemka hufukuza gesi ya kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka na kuyafanya maji yazidi kuwa ya alikali. Kwa hiyo maji ya chai nzuri huchemshwa upya, hutumika mara yanapotokota, na yaliyobaki hayarejeshwi jikoni kwa ajili ya buli la pili.

Miamba hiyohiyo hutoa floraidi, na hapa suala la ladha linakuwa suala la afya. Kalisi inapokuwa nyingi katika maji huikamata floraidi na kuifanya itulie chini. Katika maji ya Meru, ambayo kalisi yake ni kidogo, floraidi hubaki imeyeyuka na kujilimbikiza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania, ambayo kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4 kwa sababu maeneo mengi hayakuwa na chanzo kingine, iliteremsha kiwango chake hadi hiyo 1.5 mwaka 2018. Vipo vyanzo vingi kuzunguka mlima, hasa kuelekea Ngurdoto, Maji ya Chai na Engare Nanyuki, vinavyozidi kiwango hicho kwa mbali, na alama zake zinaonekana katika meno ya kahawia ya watu waliokulia huko na, kwa walioathirika zaidi, katika mifupa iliyopinda tangu utotoni. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, ile iliyomo huongezeka kwa kila lita inayobaki. Tena mche wa chai wenyewe huinyonya floraidi kutoka ardhini na kuihifadhi majanini, nyingi zaidi katika majani yaliyokomaa kuliko katika chipukizi, kwa hiyo kikombe cha majani duni kilichotengenezwa kwa maji ya namna hiyo huijumlisha floraidi ya mlima na ya shambani. Majani machanga, ambayo ndiyo bora kwa ladha, ndiyo pia yenye floraidi kidogo.

Juhudi za kuliondoa tatizo zimekuwa nyingi, na baadhi zimezaliwa palepale. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeendeleza mtungi unaotumia mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa hewa kidogo na kupondwa, ambayo madini yake huikamata floraidi maji yanapopita. Kwa mtengenezaji wa chai jambo la kuangalia ni kwamba mifupa isiyochomwa sawasawa huyaachia maji harufu na rangi. Katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopo Tengeru, Dkt. Askwar Hilonga alibuni chujio la mchanga na vitu vya kinano, yaani vya ukubwa mdogo mno, ambalo linaweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, na mwaka 2015 ubunifu huo ulimpatia tuzo ya uhandisi kwa Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, ikiwa ndiyo mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Jijini kwenyewe, mradi mkubwa wa maji wa thamani ya Sh520 bilioni, uliotekelezwa na mamlaka ya maji ya Arusha kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, uliongeza visima vipya, na kupunguza floraidi kulikuwa miongoni mwa malengo yake. Hata hivyo, ubora wa bomba hutofautiana kati ya mtaa na mtaa kutokana na chanzo kinachoulisha, na mtu anayeitaka chai yake iwe ileile leo na kesho hawezi kulitegemea bila kulipima.

Maji ya chupa ni njia mojawapo, mradi mnunuzi asome lebo na kuchagua yale yenye bikaboneti na floraidi kidogo, jambo ambalo linahitaji uangalifu kwa kuwa nayo yanaweza kuwa yametoka katika chemchemi za eneo hilohilo. Kwa kaya za miteremkoni, maji ya mvua ndiyo bora na hayauzwi. Mvua haijapita katika mwamba wowote, kwa hiyo haina floraidi ya kuhesabika wala bikaboneti, na majani ya Usambara au Njombe huonyesha ndani yake kila walichokusudia waliolichuma na kulikausha jani. Sharti lipo katika paa. Bati lenye kutu hutoa chuma, na chuma hushikana na polifenoli za chai na kuifanya kuwa nyeusi kama wino, hivyo maji ya paa bovu yanaweza kuwa mabaya kwa chai kuliko ya kisima. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, inayoosha vumbi, majani na vinyesi vya ndege, haikingwi kabisa. Na yaliyokingwa huhifadhiwa katika chombo chenye mfuniko, mahali pasipo mwanga, kisha huchemshwa kabla ya kunywewa.

Wengi huikatia tamaa fikra hii wakidhani inadai tangi kubwa la saruji ambalo mkulima wa Leguruki au Kilala hana uwezo wa kulijenga. Kwa matumizi yote ya nyumbani ni kweli, na pale penye watoto wadogo, ambao meno yao ndiyo huathirika zaidi, maji ya kunywa na ya kupikia yote yanastahili kutoka katika chanzo salama. Kwa chai peke yake hesabu ni ndogo sana: ndoo moja ya lita 20 ina vikombe 100 vya mililita 200, na familia ya watu watano, kila mmoja akinywa kikombe kimoja cha chai ya rangi asubuhi, huimaliza kwa siku 20. Pipa moja la plastiki la lita 200, likijazwa wakati wa masika ya Machi hadi Mei, huifikisha familia hiyo Desemba, vuli ikiwa imekwisha kuanza kulijaza tena.